Firigisi ya Kuku Mweupe

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika mwisho nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri. Tena nawaonya mapema: simpendi yule msikilizaji wa kusema "wagawane tu, yaishe." Kuku ana firigisi moja. Hesabu zenu zianzie hapo.

Katika kijiji cha Mkongoroni, kando ya mto Ruvu, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Shomari, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, kijana ambaye akilishika jambo haliachi. Akiwa mdogo aliwahi kumfuata nyuki kutoka uani kwao mpaka mzingani, akaumwa uso mzima, akarudi anacheka kwamba amejua wanakokaa.

Wa pili ni mama yake Shomari, Mwamvua. Huyu alijaliwa kukumbuka. Neno likiingia sikioni mwake halitoki tena. Ukisema upuuzi leo, ukasahau, ukaoa, ukazaa, ukazeeka, siku moja Mwamvua atakurudishia upuuzi wako neno kwa neno, tena kwa sauti yako. Wanaume wengi wa Mkongoroni walikuwa wakimwona anakuja wanabadilisha njia.

Wa tatu ni Maganga, fundi baiskeli. Baba yake alikuja na reli kutoka Unyamwezi, akapenda mahali, akabaki. Maganga alipewa ulimi. Angeweza kumwambia mtu mbele ya wakwe zake kwamba kichwa chake kimekaa upande, na mtu huyo akacheka na kumkaribisha chakula.

Hao ni watatu. Sasa mjueni mwenye shida. Ni Mzee Kondo, baba yake Mwamvua, babu yake Shomari, na mtani wake Maganga. Mzee Kondo alikuwa hali kuku. Hakuwa mgonjwa wala hakukatazwa na mganga. Ilikuwa Idi, ilikuwa harusi, ilikuwa maulidi, sahani ya kuku ikifika kwake anaisogeza kwa jirani. Watoto wa kijiji wakimuuliza, alikuwa akiwajibu kwamba ana deni la kuku, na mwenye deni la kuku hali kuku.

Nielezeni, nyinyi mnaojua mambo: mtani ni nani? Haya, nitaeleza mwenyewe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana msibani huku unalia. Anaruhusiwa kuficha jembe la kuchimbia kaburi, kulala njiani jeneza lisipite, kukamata chochote nyumbani mwako na kusema hakitoki mpaka ukikomboe. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na mkoa mzima utaambiwa. Ndivyo watu wetu walivyojifunza kucheka mahali ambapo kicheko hakiji chenyewe.

Basi Mzee Kondo alipokuwa kijana alifiwa na mkewe, Tatu, kwa homa. Tatu aliacha watoto wawili wa kike: Mwamvua, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, na mdogo wake Zaina, ambaye alikuwa bado ananyonya. Siku ya maziko kitoto kilikuwa kinalia njaa, kinapitishwa mikono kwa mikono, na hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo akaingia mtani, mama mmoja wa Kinyamwezi aitwaye Nyamizi, ambaye naye alikuwa amezika mwanawe mchanga siku chache nyuma na maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Akamnyakua Zaina mikononi mwa shangazi, akamfunga mgongoni, akasimama katikati ya waombolezaji.

"Nimeiba mali ya Wazaramo," alisema. "Siitoi mpaka nione kuku mweupe mwenye miguu ya njano. Mwekundu sitaki, mweusi sitaki, na wa kuazima nitamjua."

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Kondo mwenyewe alicheka, ndiyo mara ya kwanza tangu mkewe afumbe macho. Akaahidi kwamba kuku atalipwa siku ya arobaini, na mtoto akaenda kunyonyeshwa ng'ambo ya mto kwa Nyamizi. Kuku akapatikana, mweupe, miguu ya njano, akafungwa kamba mguuni nyuma ya jiko akingoja siku yake.

Arobaini haikufika. Mto Ruvu ulifurika, ukala mashamba, ukala nyumba za pande zote mbili, na kuku akaenda na kamba yake. Maji yaliposhuka, mahali palipokuwa nyumba ya Nyamizi palikuwa tope tupu. Kondo alitembea ukingoni akiuliza mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia wamezama. Wakamsomea mtoto khitma. Ng'ambo nako, watu waliokimbia walikuwa wamemwambia Nyamizi kwamba nyumba ya Kondo imekwenda yote, hakubaki mtu. Nyamizi na mumewe wakapanda treni wakarudi kwao Tabora, na mtoto mgongoni. Na tuseme kweli, pengine Nyamizi hakuuliza sana. Alikuwa ameshapoteza mmoja.

Tangu hapo Kondo hakula kuku. Alisema hakuona mwili, na deni la mtani halizikwi kwa khitma. Siku moja ya Idi, alipokwisha kuwa mzee, alisema mbele ya ukoo wote: atakayenirudishia Zaina, nitachinja kuku mweupe, nile naye, na firigisi nitampa yeye.

Msidhani firigisi ni kipande cha nyama tu. Katika nyumba ile firigisi huliwa na mkubwa wa nyumba. Mwenye firigisi ndiye anayesema neno la mwisho posa zikija, ndiye anayeamua shamba la ukoo lilimwe na nani, na ndiye anayesimama mbele siku mtu akizikwa. Mzee alikuwa anatoa kiti chake.

Miaka ikapita, miguu ya mzee ikaanza kuvimba, na kitandani akawa anakaa zaidi kuliko barazani. Ndipo Shomari akaamka. Alikuwa anawafundisha wanafunzi wake habari za vinasaba, ile mnayoiita DNA, kwamba kila mtu amebeba mwilini nusu ya mama na nusu ya baba, na kwamba nusu hizo hazifutiki hata uhamie mwisho wa dunia. Akiwa ubaoni, chaki mkononi, akamkumbuka babu yake. Rafiki yake aliyekuwa anarudi kutoka nchi za ng'ambo akamletea kichupa. Unatema mate, unakirudisha, na wenye maabara wanayalinganisha mate yako na ya watu wote waliowahi kutema katika vichupa vyao. Kama kuna mnayechangia damu, wanakuambia ni nani na ni kiasi gani.

Kazi ikawa kumtemesha mzee. Kwanza alikataa: mate ya mtu hayapelekwi kwa wasiojulikana, atarogwa. Shomari akambembeleza mpaka akakubali. Jibu likaja kwamba sampuli imeharibika, kwa sababu mzee alitema na tumbaku yake mdomoni. Kijana akatafuta kichupa kingine. Safari hii alilificha kopo la tumbaku, akakaa na babu yake tangu alfajiri, akimpa maji asukutue, akivumilia matusi ya mtu aliyenyimwa tumbaku. Mate yakapatikana safi. Shomari akatema na yake, ili awe na cha kulinganishia.

Majibu yakaja. Alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Milembe, anayesomea uuguzi ng'ambo, ambaye alipima pamoja na wenzake kwa kujifurahisha tu. Milembe alichangia na Mzee Kondo robo ya damu, sawasawa na alivyochangia Shomari mwenyewe. Maana yake alikuwa mjukuu. Na kwao ni Tabora.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Wakasema kumbe babu alikuwa na mke Unyamwezi na anajitia hali kuku. Hata Mwamvua alimtazama baba yake kwa jicho la upande. Mzee akangoja wamalize.

"Ningekuwa na mke Tabora," alisema, "ningeshakula kuku zamani. Huyo ni mtoto wa Zaina."

Kicheko kikaisha. Shomari akamwandikia Milembe, akamweleza yote. Milembe akaona haya ni yale yale: ndugu usiyemjua, mzee mgonjwa, kesho utaombwa nauli. Akamwita tapeli na kumfungia. Shomari akajaribu njia nyingine, akaipata namba yake ya simu, nako akafungiwa. Kipimo kilikuwa kimesema kweli, lakini kweli yenyewe ilikuwa imekaa mlangoni haifunguliwi.

Hapo ndipo Mwamvua akasema nipeni hiyo namba. Akachukua simu yake mwenyewe, akajirekodi sauti. Hakusema habari ya damu wala ya robo. Alisema maneno ya Nyamizi kama alivyoyasikia siku ya maziko ya mama yake, akiwa mtoto ameshika nguo ya shangazi: mali ya Wazaramo siitoi mpaka nione kuku mweupe mwenye miguu ya njano, mwekundu sitaki, mweusi sitaki, na wa kuazima nitamjua. Akayasema kwa lafudhi ya Nyamizi, na mahali Nyamizi alipovuta pumzi naye akavuta. Kisha akasema, mpelekee mama yako.

Milembe hakuelewa kitu, lakini tapeli wa kudai kuku alikuwa hajawahi kumsikia. Akamtumia mama yake Tabora. Mama yake aliitwa Kalunde, ndilo jina Nyamizi alilompa. Kalunde alikuwa anaanika michembe uani. Alisikiliza mara moja, akaketi chini palepale juu ya viazi vyake. Maneno yale alilazwa nayo utotoni. Nyamizi alikuwa akimwimbia kila usiku, na alipokaribia kufa alimwambia: siku akija mtu na kuku mweupe mwenye miguu ya njano, usimfukuze, huyo ametoka kwa baba yako.

Mtafikiri basi alifunga mzigo akaja. Hakuja. Alimpigia Mwamvua, wakaamkiana. Halafu Kalunde akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Kuku mmoja tu, dada. Niliwekwa rehani kwa kuku mmoja, na umri wangu wote hamkuona wa kunikomboa. Mwambie mzee nimemsamehe, lakini sina baba."

Mwamvua akaeleza habari za mafuriko, akaapa, akalia. Kalunde akasema amesikia, akakata simu. Shomari alipeleka karatasi za maabara zenye mistari na rangi, na Kalunde akajibu kwamba yeye hakatai kuwa ni damu yao, anakataa kuja. Wakati huo miguu ya Mzee Kondo ilikuwa imevimba mpaka magotini, na mganga wa zahanati aliwaita jamaa pembeni, akawaambia kama kuna mtu wa kuitwa aitwe.

Basi Maganga akafunga karakana yake. Akatafuta kuku mweupe mwenye miguu ya njano, akamtia tengani, akapanda treni. Njia nzima abiria walimuuliza huyo kuku anakwenda wapi, naye aliwaambia anakwenda kumkomboa mwanamke mvivu.

Alifika Tabora, akaelekezwa nyumba. Kalunde alikuwa uani na majirani zake wanamenya karanga. Maganga akawaamkia majirani wote kwa Kinyamwezi, mmoja mmoja, kwa heshima zote, akiuliza hali za nyumba zao na za mifugo yao. Alipofika kwa Kalunde akamruka, asimwamkie. Akaweka tenga mbele yake.

"Na wewe Mzaramo, amka," alimwambia. "Kwa ngoma hamjambo, kwa kulipa madeni ndiyo hamfiki. Nimekubebea kuku wako mpaka mgongo umeniuma. Amka ukale, mzee wenu anakungoja."

Kalunde akamwambia kwamba amekosea, yeye si Mzaramo, amekulia hapo na lugha yake ni ya hapo.

"Mtu wa kwetu namsalimia," Maganga akamjibu. "Wewe ningekusalimia vipi, mtani wangu?"

Nisikilizeni hapa. Yule mama alikuwa ameshaambiwa na maabara kwamba yeye ni nani. Ameshaambiwa na dada yake. Wote walimpa habari. Huyu fundi baiskeli alimtukana, na katika matusi yale akamwonyesha kwamba mahali pake pamekaa wazi siku zote, hapajajazwa na mtu. Kalunde alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio cha sauti, na majirani wakaacha karanga wakaja kumshika. Alipotulia alimuuliza Maganga mzee anataka nini kwake. Maganga akasema anataka kula kuku.

Walikwenda kwanza kaburini kwa Nyamizi, maana deni lilikuwa lake. Kalunde akakaa pale na kuku mapajani. Kisha akasema marehemu hawezi kula, na kuku huyu hachinjwi Tabora. Akampandisha treni tena.

Mzee Kondo alibebwa akawekwa barazani, mgongo kwenye mito. Kalunde aliposhuka kwenye bodaboda na tenga mkononi, mzee alitazama kwanza miguu ya kuku. Ilikuwa ya njano. Ndipo akainua macho kwa bintiye, na uso ule alikuwa ameuzika zamani, maana Kalunde alikuwa Tatu mtupu.

"Umenichelewesha kula, mwanangu," alisema.

"Shikamoo baba," Kalunde akasema, akaliweka tenga mbele yake.

Kuku akachinjwa. Kalunde alimpika mwenyewe kwa nazi, Mwamvua akimwonyesha vyombo vilipo. Sahani ikaletwa barazani, firigisi juu. Mzee akaichukua kwa vidole vyake, akauliza nani amenirudishia mwanangu.

Shomari akasema: "Babu, bila kichupa changu tungekuwa bado tunamsomea khitma mtu aliye hai. Hakuna aliyejua pa kuanzia."

Mwamvua akasema: "Kichupa kiliitwa tapeli. Mlango ulifunguliwa na maneno niliyoyatunza, na nilianza kuyatunza kabla hujazaliwa, Shomari."

Maganga akasema: "Mlango ulifunguliwa, na mtu akakataa kutoka. Mimi ni mtani hapa, nina ruhusa ya kunyakua hiyo firigisi bila kuuliza. Leo sinyakui, naomba."

Najua kuna wanaoguna huko nyuma. Mwanamke na firigisi, wapi na wapi? Na Mnyamwezi awe mkubwa wa nyumba ya Kizaramo? Guneni. Mzee alisema atakayenirudishia mwanangu. Hakusema mwanamume, wala hakusema Mzaramo.

Mzee akawatazama wote watatu, akaanza kunyoosha mkono. Kabla haujafika popote, mkono mwingine ukatokea upande wa pili wa sahani. Ulikuwa wa Kalunde.

"Baba, kuku huyu ni wa deni," alisema. "Mwenye kumdai ni mama Nyamizi. Hawa wamenileta jana. Yeye alininyonyesha, akaniuguza, akanilaza kwa maneno ya kunirudisha kwenu, na angeweza kuyanyamazia nisijue kitu mpaka nife. Hakuwa na mwingine wa kumrithi. Firigisi ya mama yangu nipe mimi."

Wazee wetu walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na pale barazani kila mtu aliukumbuka msemo huo bila kuutamka. Lakini Mwamvua naye aliwaza jambo lingine, akainamisha kichwa: pengine Nyamizi hakuuliza sana. Na Kalunde mwenyewe sasa ni nani katika nyumba ile? Kwa damu ni binti wa mwenye kudaiwa. Kwa malezi ni binti wa mwenye kudai. Ni mtani wa nafsi yake.

Mimi naijua firigisi ile ilikwenda kwa nani, na siwaambii. Mzee yuko barazani, miguu imevimba, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake ana hamu ya kula. Hataki kuonja hata mchuzi kabla hajaitoa firigisi mkononi. Kuikata amekataa. Kuila mwenyewe hawezi, ameshaahidi, na ahadi ni deni. Mikono minne iko mbele yake: aliyetafuta, aliyekumbuka, aliyekwenda kuleta, na aliyeletwa kwa niaba ya aliyelea.

Wewe uliyekuwa unasinzia, nimekuona, anza wewe. Mzee ana njaa na mchuzi unapoa. Ungekuwa ndiye Kondo, firigisi hiyo ungeitia mkononi mwa nani?